Je, Wajua? Binti wa Mtoni Aliyebishana na Wazungu

Kasri ya Mtoni huko Zanzibar, leo magofu, ilikuwa na roshani kubwa ya mviringo iliyotazama bahari. Hapo Sultani Seyyid Said alikunywa kahawa na wanawe wakubwa. Tunayajua hayo kwa bintiye, Sayyida Salme, aliyezaliwa hapo hapo kasrini mwaka 1844. Wasichana walifundishwa kusoma, si kuandika; yeye alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia! Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake Ujerumani, akajadiliana na Wazungu bila haya juu ya ndoa, malezi, na hata uvivu waliowasingizia watu wa nchi za joto. Utumwa, lakini, aliutetea, na hapo hoja zake hazisimami.