Ndugu, Kwenu Wapi?



Mimi ni mtu wa miaka arobaini na ushei, elimu yangu ya shule ya msingi. Ninakaa chumba kimoja Jinja, Uganda, karibu na mahali Mto Nile unapotoka katika Ziwa Viktoria. Zamani palikuwa na maporomoko ya Ripon. Yalizama maji lilipojengwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Umeme wake ulileta viwanda, na viwanda vikatuleta sisi kutoka kila upande. Nyuma ya nyumba nina mihogo na migomba michache. Jioni ninapenda omweso, bao letu la mashimo 32 na kete 64.

Kwa nini nawaeleza haya? Siku moja mwenzetu aliumia kazini. Namba yake ya kazi tuliijua. Kijiji chao hakuna aliyekijua. Zilipita siku nne kabla ndugu zake hawajapata habari. Tuliona aibu, maana tulikuwa tumekula naye miaka miwili.

Tangu hapo, mfanyakazi mpya akija simwanzii habari za kadi ya chama. Namkaribisha kwenye bao, namweleza kwangu, naye ananieleza kwao. Kadi hufuata yenyewe.

Basi ndugu, kesho mwulize jirani yako wa mashine au wa shamba la chai: kwenu wapi, na unapenda nini? Umoja wetu huanzia hapo.