Wati za Kwenye Boksi



Kikundi chetu cha hapa Dzaleka, wilayani Dowa, kilichanga kwacha kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Tukapanda minibasi mpaka Lilongwe, na katika duka moja la Area 2 tukanunua amplifaya ya betri iliyoandikwa kwenye boksi: PMPO wati 1200. Siku ya harusi ya kwanza, wageni waliokaa nyuma hawakusikia maneno ya mchungaji. Tulipoongeza sauti ilikwaruza, na kabla ya saa tisa ikatoa moshi.

Fundi alipoifungua alituonyesha fyuzi: ampea 5. Zidisha 5 kwa volti 12 za betri, unapata wati 60. Huo ndio umeme wote unaoweza kuingia kwa muda mrefu bila fyuzi kukatika, na mashine haitoi zaidi ya inachopewa. Tena katika amplifaya za namna hii karibu nusu hupotea kuwa joto. Basi zile 1200 zilibaki kama 30, nazo zigawanywe kwa spika mbili!

Herufi PMPO hazina kipimo kinachokubaliwa na wote. Kila kiwanda hupiga hesabu yake, mara nyingi ya nguvu ya kufumba na kufumbua, kisha hujumlisha spika zote. Ujanja huu ni wa zamani. Huko Marekani serikali iliweka kanuni mwaka 1974 kwamba muuzaji wa amplifaya za nyumbani ataje nguvu inayodumu. Kwa hiyo tafuteni maandishi ya RMS, ingawa hata hayo huandikwa kwa uongo, ndiyo maana tunasisitiza fyuzi. Kama ni ya adapta, someni adapta: volti 12, ampea 2, ni wati 24, basi.

Dukani msikubali kusikilizishwa wimbo wa muuzaji. Chukueni wimbo mnaoujua, wenye besi na sauti ya mtu. Ombeni iunganishwe na betri kama yenu. Pandisheni sauti mpaka ianze kukwaruza, rudisheni kidogo, kisha mmoja wenu atoke nje hatua thelathini asikilize. Iacheni ipige nusu saa, mguse mgongo wake. Muuzaji akikasirika, ondokeni.

Fundi mwenye mita aweza kupima zaidi. Apige mlio mmoja usiobadilika, apime volti kwenye spika kabla mlio haujaharibika. Akipata volti 9 kwenye spika ya omu 8, atazidisha 9 kwa 9, agawanye kwa 8: wati 10.

Wala wati 10 si za kudharau. Sikio letu huhitaji wati mara kumi ndipo lione sauti imekuwa maradufu, hivyo spika nzuri husaidia kuliko namba kubwa. Spika zetu zilipona moto. Fundi anazifunga kwenye amplifaya ndogo ya wati 20, na Jumamosi tutaijaribu uwanjani kwanza, kabla ya harusi nyingine.