Karuma: Mto Uliopitishwa Ndani ya Mwamba (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulikomea Jinja, kwenye bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Pale kazi yote iko wazi: ukuta umeziba mto, maji yamepanda nyuma yake, kisha yanashukia mitambo. Leo tunashika barabara ya Gulu hadi Karuma. Msomaji wa Kibuli aliyezoea kuvuka daraja lile kwa basi huenda asijue kilicho chini ya ardhi hiyo. Ukuta wa Karuma una kimo cha takriban mita 14 tu, ilhali mitambo yake sita, kila mmoja wa megawati 100, huzungushwa na maji yanayoshuka takriban mita 70. Mita nyingine zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye mto wenyewe. Kuanzia Karuma, Nile inateremka kwa kasi juu ya mawe, kilomita baada ya kilomita. Badala ya kuyainua maji kwa ukuta mrefu, wahandisi waliyashusha. Karibu na ukuta yanaingia kwenye njia sita zinazozama mwambani hadi ukumbi wa mitambo uliochimbwa chini. Yakishazungusha turbaini, yako chini mno kuliko mto ulio jirani, hayawezi kurudi hapo. Ndiyo maana yalichimbiwa mahandaki mawili, kila moja likizidi kilomita 8 kwa urefu na upana wake karibu mita 13, yenye mteremko mdogo sana. Huku juu mto unaendelea kuporomoka hadi ufikie usawa wa maji ya chini, na hapo yanakutana tena. Kipande hicho cha mto hupungukiwa maji, na kukiachia ya kutosha ni wajibu usiofaa kupuuzwa.

Kwangu mimi, mahandaki hayo ndiyo Karuma yenyewe. Yalipasuliwa kwa baruti: toboa, jaza, lipua, zoa kifusi, kisha pigilia vyuma mwambani na kupulizia zege kabla ya kusogea mbele. Kampuni ya Sinohydro ya China ilianza kazi mwaka 2013, sehemu kubwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, na uzinduzi ukafanyika Septemba 2024. Nyufa zilizoonekana kwenye zege wakati wa ujenzi ziliwakera wananchi, na walikuwa na haki.

Kuna hatari moja isiyoonekana. Mitambo ikizimwa ghafla, maji yaliyomo handakini huendelea kukimbia kwa uzito wake na kuacha ombwe nyuma. Yakirudi kwa kishindo yanaweza kuvunja kila kitu. Kwa hiyo, kati ya ukumbi na mahandaki kumechimbwa vyumba virefu ambamo maji hupanda na kushuka mpaka yatulie.

Umeme wenyewe hupandishwa juu kwa nyaya, kisha hushika laini ya kilovolti 400 hadi Kawanda. Kutoka Kawanda hadi taa za hospitali ya Kibuli ni safari nyingine, nayo tutaifuata wiki ijayo.