Mbwa Wangu Amekufa, Bosi: Naomba Ruhusa

Ilikuwa Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, meseji ikaingia kwenye simu ya bosi: "Shikamoo bosi. Shangazi yangu amefariki usiku huu. Naomba ruhusa siku mbili." Bosi akajibu pole, akaruhusu, na kama kawaida ya ofisi zetu daftari la michango likaanza kuzunguka meza kwa meza. Elfu tano hapa, elfu kumi pale, mpaka mchana zilikuwa zimetimia 85,000. Tukachaguliwa watu watatu kwenda kuhani Bigwa, kule Morogoro mjini ambako ukitoka nje tu unaitazama Milima ya Uluguru usoni.

Tulipofika hatukuona turubai. Hakuna viti vya kukodi, hakuna akina mama wenye khanga kiunoni, hakuna sufuria kubwa jikoni. Shemeji alitufungulia geti akiwa kapiga pensi, akatushangaa. Nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi, palikuwa na udongo mbichi. Mwenzetu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, macho yamevimba. Aliyekufa hakuwa shangazi. Alikuwa Tomi, mbwa wake wa miaka 9.

Mmoja wetu alicheka. Ningependa kusema ni mwingine, lakini alikuwa mimi.

Baadaye yule dada alipewa barua ya onyo kwa kudanganya, na kwa wiki nzima ofisini watu walisalimiana kwa kuulizana, "Tomi hajambo?" Naye alikuwa anacheka na sisi, eti yameisha. Hayakuwa yameisha. Tomi alimpata akiwa bado anaishi chumba kimoja cha kupanga Kihonda, hana mume wala hana uhakika wa kodi ya mwezi ujao. Usiku mtu akipita dirishani, Tomi ndiye aliyebweka. Unapopoteza kiumbe kilichokujua wakati huna kitu, unalia nini hasa? Mbwa, au ile miaka?

Sheria inamtambua nani?

Kinachochekesha ni kwamba hata uongo wake haukuwa na msaada kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo mtoto wake akiugua au kufariki, au akifiwa na mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Basi. Na siku hizo 4 ni za mzunguko mzima wa likizo, ambao kwa likizo za namna hii ni miezi 36, hata kama misiba imekuja mfululizo. Ukitaka zaidi, ni hiari ya mwajiri, na anaweza kukupa bila malipo.

Umeona? Shangazi hayumo. Mama mkwe hayumo. Mjomba naye hayumo, na hapo ndipo ningependa waliotunga orodha ile wapande hadi Kinole au Matombo wakaieleze. Waluguru wanafuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba, yaani kaka wa mama, ndiye mwenye sauti kwenye mambo ya ukoo na ardhi. Mwambie kijana wa Kiluguru aliyeajiriwa mjini kwamba mjomba wake si msiba wa siku 4, uone atakavyokutazama. Ndiyo maana mabosi wengi wa Moro wanatoa ruhusa ya mjomba bila hata kufungua kitabu cha sheria. Wanajua wanaishi wapi.

Kwa hiyo kama mjomba ameachwa nje, Tomi angeingilia mlango gani? Tunayo pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama. Hiyo inamlinda mbwa akiwa hai. Kuhusu anayebaki analia, hamna kitu.

Wenzetu nje wameanza kulijadili. Mwaka 2017 mwanamke mmoja mfanyakazi wa chuo kikuu cha Roma, Italia, alikubaliwa siku 2 zenye malipo ili amhudumie mbwa wake aliyekuwa mgonjwa. Hoja yake ilikuwa kwamba hiyo ni dharura ya kifamilia. Mwaka 2021 mbunge mmoja wa Colombia alipeleka muswada wa kuwapa wafanyakazi siku 2 mnyama wao wa nyumbani akifa. Najua unachosema moyoni: hayo ni mambo ya Wazungu na shibe zao. Subiri kidogo.

Panya wa Moro aliyeliliwa na dunia

Hapa hapa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, liko shirika la APOPO linalofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa SUA Novemba 2013, akapelekwa Kambodia mwaka 2016. Alikuwa na kilo 1.2 tu, mwepesi kiasi kwamba anaweza kupita juu ya bomu bila kulilipua. Katika miaka 5 ya kazi alinusa zaidi ya mabomu na baruti 100, na kusaidia kusafisha zaidi ya mita za mraba 225,000 za ardhi ambayo watu walikuwa wanaogopa kuikanyaga. Septemba 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimpa medali ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Alistaafu mwaka 2021. Alipokufa Januari 2022, akiwa na miaka 8, vyombo vya habari vya dunia nzima vilitangaza kifo chake, na salamu za pole zikamiminika.

Panya! Ambaye sehemu nyingine za nchi hii ni kitoweo, na mjini tunamtegea sumu.

Lakini fikiria kazi yenyewe inavyokwenda. Kitoto cha panya kinachukuliwa kikiwa na wiki chache, kinapewa jina, kinazoeshwa mkono wa binadamu, sauti na harufu za watu. Kisha kila siku, kwa miezi kama 9, mwalimu wake anabonyeza kidude kinacholia "tik" na kumpa kipande cha ndizi au karanga kila akipatia. Mtu aliyemshika mnyama kila asubuhi hivyo, akaiona akili yake ikikua, utamwambia "si panya tu"? Hiyo si shibe ya Ulaya, ni kazi ya mikono ya Watanzania pale SUA.

Upande wa pili

Sasa nisionekane nimehama kabisa. Kule Mgeta, juu milimani, familia nyingi zinafuga mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway walioletwa tangu miaka ya 1980. Mbuzi mmoja akifa pale imekufa ada na imekufa chai ya watoto, na kesho yake mwenye mbuzi yuko shambani kwenye mteremko na jembe, maana yeye ni bosi wake mwenyewe. Kibarua wa siku anayebeba zege Msamvu hana likizo ya kitu chochote; asipokuja halipwi.

Na tusiende mbali. Kabla hujadai siku ya Tomi, dada wa kazi aliyeko nyumbani kwako unampa siku ngapi akifiwa na mama yake? Sheria ile ile ya mwaka 2004 inamhusu na yeye. Nawajua watu waliomlilia paka hadharani na dada wa kazi wakampa nauli ya kwenda tu.

Kwa hiyo mimi siungi mkono kumwandika mbwa kwenye sheria. Waanze na mjomba. Ninachotaka ni kidogo zaidi: mfanyakazi aweze kusema ukweli. Likizo ya mwaka ni siku 28 kwa uchache; bosi akikubali moja ikatwe leo kwa sababu mtu kamzika mbwa wake na hawezi kukaa dirishani kuhudumia wateja, ofisi imepoteza nini? Ile ofisi yetu ilipoteza zaidi kwa uongo. Mwaka uliofuata dada yule alifiwa na bibi yake kweli, na nakumbuka tulivyotazamana kabla daftari halijazunguka. Bibi yumo kwenye orodha ya sheria, lakini aliombwa picha ya kaburi.

Na wewe mwenzi, je?

Shemeji aliniambia jambo siku ile tukiwa getini. Usiku Tomi alipokufa, yeye ndiye aliyechimba shimo, saa sita, tochi mdomoni. Kisha akaharibu yote kwa sentensi moja: "Usijali, Jumamosi nakuletea mwingine." Mkewe hakuongea naye siku mbili.

Kaka, mbwa si balbu kwamba ikiungua unaweka nyingine. Yeye alidhani anatoa suluhisho, mwenzake alisikia "acha kulia". Angenyamaza na lile koleo lake mkononi, lingetosha. Mbwa mpya asubiri mpaka aliyefiwa mwenyewe aseme. Na kama kuna watoto, msiwaambie Tomi kasafiri. Watakaa getini wakimsubiri.

Jumatano dada alirudi kazini na bahasha ya michango, 85,000 zote, akapita meza kwa meza kumrudishia kila mtu chake. Tulipokea, wengine tukiwa na aibu, wengine tukitabasamu. Alipofika kwa mzee wetu wa stoo, mzee akakataa. Alisema yeye alichangia msiba, na msiba ameukuta.