Je, Wajua? Fedha, Mifupa ya Ng'ombe na Baridi Ndani ya Picha ya Zamani

Je, wajua kwamba negativu ya picha nyeusi na nyeupe, ile iliyosahauliwa ndani ya bahasha ya studio katika nyumba nyingi za Meru na Embu, ni madini ya fedha yaliyoshikiliwa na mifupa ya ng'ombe? Kiwandani, fedha halisi huyeyushwa kwa asidi ya naitriki, kisha hutiwa ndani ya jelatini vuguvugu pamoja na chumvi ya bromidi. Jelatini yenyewe hutokana na mifupa na ngozi za mifugo. Humo hutokea chembe ndogo mno za fedha bromidi, ambazo hubadilika zikiguswa na mwanga. Zikizidi kupashwa moto, chembe hukua. Chembe kubwa hunasa hata mwanga hafifu, ila picha yake huonekana ina punjepunje.

Baadaye mchanganyiko huo hupakwa juu ya plastiki nyembamba yenye upana wa zaidi ya mita moja, na kazi hiyo hufanyika gizani. Filamu ya rangi ina tabaka zaidi ya kumi, na tabaka zote kwa pamoja ni nyembamba kuliko unywele. Mwisho plastiki hukatwa vipande vya upana wa milimita 35, ikatobolewa matundu pembeni na kuviringishwa ndani ya mikebe.

Katika habari hii yote, kisa kinachonivutia zaidi ni cha malisho. Kwa miaka mingi watengenezaji walishangaa: jelatini ya shehena moja ilitoa filamu kali, ya shehena nyingine ikatoa filamu zembe, na hakuna aliyejua sababu. Mnamo 1925 mwanakemia wa kampuni ya Kodak, Samuel Sheppard, alieleza siri hiyo. Ng'ombe waliokula mimea ya jamii ya haradali walibaki na salfa kidogo mwilini, nayo salfa ndiyo iliyozipa chembe za fedha wepesi wa kupokea mwanga. Yaani ubora wa picha ulianzia malishoni! Tangu hapo viwanda vikaanza kupima salfa na kuitia vyenyewe, na baadaye vikaongeza dhahabu kidogo sana.

Filamu zilizotumika kwetu zilitoka ng'ambo: Rochester nchini Marekani, Harrow na Mobberley nchini Uingereza, pia Ujerumani na Japani. Zilivuka bahari ya joto, zikapita Mombasa, na joto ndilo adui mkubwa wa filamu. Hata kabla ya kupigiwa picha, filamu huzeeka: nguvu yake hupungua, ukungu huingia, rangi hupotoka. Mji wa Meru na mji wa Embu, iliyo miinukoni mwa Mlima Kenya, ina nafuu. Lakini teremka hadi Mbeere, au hadi Mto Ura katika Mbuga ya Meru, ambako mwandishi Joy Adamson alimpiga simba Elsa picha zilizoingia katika kitabu chake cha 1960. Huko chini filamu iliyoachwa ndani ya gari mchana kutwa huharibika upesi.

Negativu zilizokwisha kuoshwa nazo haziko salama. Plastiki ya selulosi asetati huoza polepole na kutoa asidi ileile iliyomo katika siki. Kwenye nyuzijoto 21 na unyevu wa asilimia 50, harufu huanza baada ya miaka 40 hivi. Joto likipanda, muda hupungua. Kwa hiyo, huko Pennsylvania, Marekani, mkusanyo maarufu wa picha za Bettmann ulihamishiwa ndani ya mgodi wa zamani wa mawe ya chokaa, zaidi ya mita 60 chini ya ardhi, ukawekwa kwenye baridi ya takriban nyuzi 20 chini ya sifuri.

Na faida ya kutunza ni ipi? Tazama Kirimaara, yaani Mlima Kenya. Mwanajiografia Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian mnamo Septemba 1899, msafara wake ulikuwa na mpiga picha, Campbell Hausburg. Picha za safari hiyo zilitunzwa Uingereza, na wataalamu wamezitumia kulinganisha barafu ya wakati ule na ya leo. Barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Bila picha zile tungejua machache zaidi kuhusu barafu ya mwaka 1899. Ndiyo maana naumia nikifikiria negativu za masoko, harusi na mito ya Meru na Embu zinazopikwa chini ya mabati, kwa sababu nyingi hazina nakala popote.

Zitoe darini, uzihamishie chumba chenye ubaridi na ukavu, ndani ya bahasha za karatasi isiyo na asidi. Zinazonuka siki zitenge, maana mvuke wake huharakisha kuoza kwa nyingine, na uzipige nakala za kidijitali mapema. Kwa aliye na filamu mpya ambayo haijapigiwa picha, friji inafaa, mradi mkebe uwe umefungwa vizuri. Siku ya kuitumia, iache nje saa moja au mbili kabla ya kuufungua mkebe, la sivyo umande utatanda juu ya jelatini na kuacha madoa.