Gofu jangwani: Majitaka yanavyostawisha nyasi Dubai, na funzo kwa Eastlands

MKAZI wa Dandora au Kayole anayepanga foleni na mtungi wa lita 20 kusubiri maji huenda akashangaa anapotazama mashindano ya gofu ya Dubai kwenye runinga. Nyasi ni za kijani kibichi, vidimbwi vimejaa maji, ilhali nchi yenyewe ni jangwa ambalo mvua yake ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 150.

Zamani mchezo huo haukuhitaji nyasi katika Ghuba. Wachezaji walikuwa wakigonga mpira mchangani, kila mmoja akibeba kipande kidogo cha zulia la nyasi bandia. Mpira ukitua ndani ya njia iliyowekewa alama, mchezaji aliuweka juu ya zulia hilo kabla ya kuupiga tena.

Sehemu yenye shimo nayo ilitengenezwa kwa mchanga uliochanganywa na mafuta ili upepo usiupeperushe. Kila kundi lilipomaliza kucheza, lilisawazisha nyayo zake kwa ajili ya waliofuata. Hapa kwetu, mji wa Magadi, ambako joto ni kali na ardhi ni kavu, umewahi kuwa na uwanja wa gofu usiotegemea nyasi.

Mambo yalibadilika mwaka wa 1988 wakati Emirates Golf Club ilipofunguliwa Dubai ikiwa na uwanja wa kwanza wa nyasi wa mashimo 18 katika eneo hilo. Mwaka uliofuata yakaanzishwa mashindano ya Dubai Desert Classic, na Mwingereza Mark James akawa mshindi wa kwanza. Tiger Woods aliyatwaa mwaka wa 2006 na 2008.

Siri ya kwanza ya viwanja hivyo ni aina ya nyasi. Hupandwa zile zinazostahimili joto, kama vile bermuda, au paspalamu ambayo huvumilia maji yenye chumvi. Majira ya baridi yakikaribia, nyasi za bermuda hufifia, hivyo watunzaji hupanda juu yake mbegu za nyasi za nchi baridi ili uwanja usipoteze rangi.

Siri ya pili, na ndiyo kubwa, ni maji. Baadhi ya viwanja hutumia maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, lakini kazi hiyo hula nishati nyingi na gharama yake ni kubwa. Kwa sababu hiyo, vingi humwagiliwa majitaka ya mjini yaliyosafishwa mitamboni. Maji yaliyotoka bafuni na chooni huondolewa uchafu, huuliwa viini, kisha hupitishwa kwenye mabomba hadi uwanjani.

Joto na mpira

Wengi hudhani kwamba mpira huruka mbali zaidi jangwani. Ni kweli kwamba hewa ya joto ni nyepesi kuliko ya baridi, na kwa hivyo haiuzuii mpira sana. Hata hivyo, Dubai iko kando ya bahari, ilhali Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Dubai hata wakati wa kiangazi chao, na pigo lile lile huenda mbali zaidi hapa.

Tatizo la Dubai ni mwili wa mchezaji, kwani kiangazi joto hupita nyuzi 40. Wacheza gofu wa huko huanza alfajiri au hucheza usiku chini ya taa, nayo mashindano makubwa hufanywa miezi ya baridi. Mchezaji hushauriwa kunywa maji kabla ya kuhisi kiu. Anayeanza kuchanganyikiwa huku mwili ukiwaka joto anafaa kupelekwa kivulini, kupozwa kwa maji na kukimbizwa hospitalini.

Mfanyakazi wa uwanjani hana uhuru wa kuchagua saa. Katika Milki za Kiarabu, sheria huzuia kazi za juani kati ya saa sita unusu mchana na saa tisa alasiri, kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15. Kijana wa Eastlands anayefikiria kwenda huko kwa kazi za nje anafaa kuijua kanuni hiyo kabla ya kutia saini mkataba.

Majitaka ya Nairobi

Funzo kubwa zaidi kwa Eastlands limo katika majitaka. Sehemu kubwa ya majitaka ya Nairobi huelekea upande huu wa jiji, hadi kwenye mabwawa ya mtambo wa Dandora ulioko Ruai. Humo husafishwa kwa jua, hewa na bakteria, kisha huachiliwa katika Mto Nairobi.

Wakati huohuo, kumekuwa na wakulima, kwa mfano katika eneo la Maili Saba karibu na Dandora, wanaomwagilia mboga majitaka ambayo hayajasafishwa. Maji hayo yana rutuba na hayakauki, lakini yanaweza kubeba mayai ya minyoo, viini vya kipindupindu na kemikali za viwandani. Mkulima anayeyakanyaga bila viatu yumo hatarini, sawa na mnunuzi anayekula mboga hizo zikiwa mbichi.

Nyasi za gofu haziliwi, na hiyo ni nafuu moja ya Dubai. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka wa 2006 kuhusu matumizi ya majitaka katika kilimo. Halikuyapiga marufuku, bali lilieleza hatua za kupunguza hatari: kuyasafisha, kuchagua mimea inayofaa, kumwagilia bila kulowesha majani, kuacha siku kadhaa kabla ya kuvuna, na kupika chakula vizuri.

Dubai ilitumia fedha nyingi kuyageuza majitaka kuwa mali kwa ajili ya mchezo. Eastlands ina majitaka tele na watu wanaoyahitaji kwa chakula. Kinachokosekana kati ya bomba na shamba ni usafishaji, na gharama ya upungufu huo kwa sasa hulipwa na mkulima pamoja na mlaji.