Mwenye Jongo Katika Msimu wa Maradhi

Jumamosi ya tarehe 14 Machi 2020, Olivier Véran, waziri wa afya wa Ufaransa, aliandika kwenye Twitter kwamba ibuprofeni na dawa nyingine za kupunguza uvimbe huenda zikamzidishia hali mgonjwa wa korona. Mwenye homa, alisema, anywe parasetamoli. Kongo ilikuwa na siku nne tu tangu itangaze mgonjwa wake wa kwanza mjini Kinshasa. Katika nchi ambayo habari za dunia husikika kwa Kifaransa redioni, onyo la Paris halihitaji viza. Shirika la Afya Duniani liliyumba siku chache, kisha likasema halioni sababu ya kuwakataza watu ibuprofeni. Masahihisho hayajawahi kuwa na mbio za onyo.

Kwa anayemeza kidonge mara moja moja kichwa kinapouma, hilo lilikuwa jambo dogo. Kwa mwenye jongo, ambaye dawa hizo hizo ndizo humtuliza maumivu, ilikuwa ni kuamua kati ya kulala na kukesha.

Jongo, ambalo wengi huliita gauti na daktari wa Likasi, mji wa Katanga kusini mwa Kongo, huliandika goutte, hutokana na asidi ya uriki kuzidi katika damu. Mwili huitengeneza kila siku unapovunjavunja purini, viini vilivyomo katika chembe zetu wenyewe na katika chakula, na figo ndizo huitoa kwa njia ya mkojo. Ikipita miligramu 6.8 hivi kwa desilita ya damu, haiyeyuki tena vizuri. Fuwele nyembamba mfano wa sindano huanza kujijenga ndani ya viungo, na mara nyingi huanzia kwenye kidole gumba cha mguu. Siku mwili unapozishtukia, kwa kawaida usiku, kidole huvimba, huwa chekundu na kuwaka moto, hata shuka likikigusa mtu hupiga kelele.

Kambove, mji wa shaba ulio kaskazini-magharibi mwa Likasi, una wazee wengi waliotoa ujana wao kwa Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Enzi zake, kazi ya Gécamines ilikuja pamoja na hospitali, shule na unga wa mahindi wa kila mwezi. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Aliyekuwa na miaka 45 siku hiyo alikuwa na zaidi ya 60 korona ilipoingia: umri ambao jongo huupenda, korona huuonea, na dawa hununuliwa kwa fedha za mfukoni.

Kuna habari ya madini pia. Mwaka 1859 daktari Alfred Baring Garrod wa London alieleza kwamba baadhi ya wagonjwa wake wa jongo walikuwa wamefanya kazi za kushika madini ya risasi, kama wapaka rangi na mafundi bomba. Risasi hudhoofisha figo, na figo dhaifu huiacha asidi ya uriki mwilini. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wa Katanga: waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodini au kwenye viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na risasi, kobalti na urani nyingi kuliko waliokaa mbali zaidi. Hilo halithibitishi kwamba jongo la Kambove linatoka mgodini. Ni sababu tosha, hata hivyo, ya kupima figo za mzee wa huko kabla ya kumwandikia kidonge chochote cha maumivu.

Dawa inayoliondoa tatizo lenyewe ni alopurinoli, wala haitulizi maumivu ya usiku huo. Huanzwa kwa miligramu 100 au pungufu kwa siku, ikaongezwa polepole hadi asidi ishuke chini ya miligramu 6 kwa desilita. Humezwa kila siku, mwaka hadi mwaka, na aliyekwisha kuizoea haiachi hata kidole kikilipuka. Dawa ya namna hii ndiyo ya kwanza kuumizwa na dharura, kwa sababu anayeimeza hajisikii mgonjwa na huona anaweza kungoja. Tarehe 23 na 24 Machi 2020 Jacques Kyabula, gavana wa Haut-Katanga wakati huo, aliifunga Lubumbashi kwa siku mbili baada ya ndege iliyotoka Kinshasa kuleta hofu ya maambukizi. Tarehe 24 hiyo hiyo Rais Tshisekedi akatangaza hali ya hatari, ambayo ilidumu hadi Julai. Likasi iko kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi, na Kambove iko mbele zaidi. Baadhi ya kampuni kubwa za madini za Katanga ziliwaweka wafanyakazi wao ndani ya maeneo ya kazi kwa wiki nyingi, mbali na nyumbani na mbali na farmasi waliyoizoea. Akiba ya miezi miwili ya alopurinoli si uchoyo. Aliyeikosa kwa muda mrefu asirudie dozi yake kubwa kwa siku moja, bali aanze tena chini kwa ushauri wa daktari, maana asidi ikibadilika ghafla huamsha shambulio.

Kolkisini, dawa kongwe ya jongo, ilipata umaarufu ambao haikuuomba. Mjini Montreal, utafiti wa COLCORONA ulijaribu kuona kama ingezuia korona isifikishe watu hospitalini, na mwanzoni mwa 2021 watafiti wake walitangaza matumaini. Machi mwaka huo huo, utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao RECOVERY, uliokuwa na wagonjwa zaidi ya 11,000 katika sehemu hiyo, ulisimamisha jaribio: waliopewa kolkisini na wasiopewa walikufa kwa kiwango kilekile. Mwenye jongo, basi, alikuwa na sababu ya kubaki na dawa yake, na jirani hakuwa na sababu ya kuiazima.

Kuiazima kuna hatari kweli. Kati ya dozi ya kolkisini inayotibu na ile inayoua hakuna nafasi kubwa, na hakuna dawa ya kuibatilisha iliyo rahisi kupatikana. Dalili ya kwanza ya kuizidisha ni kuhara.

Hapo ndipo Katanga inapotofautiana na Paris. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Indonesia mwaka 1961 na kuingia Afrika mwaka 1970 unahesabiwa kuwa wa saba kuenea duniani, na haujakwisha hadi leo. Kandokando ya maziwa ya Upemba ugonjwa huo ni mwenyeji, na Likasi yenyewe iliupata vibaya mwaka 2008. Anayehara na kutapika hukaukiwa maji, damu hupungua katika figo, asidi ya uriki hupanda, na jongo huweza kulipuka katikati ya yote hayo. Akimeza diklofenaki au indosidi kwa ajili ya mguu, anazibana figo ambazo tayari zina kiu. Hivi ndivyo mtu hupona kipindupindu akabaki na figo zilizokufa. Wakati wa kuhara, dawa za jamii ya ibuprofeni ziachwe, kolkisini iachwe, maji ya chumvi na sukari ya kituo cha afya yanywewe kwa wingi. Maumivu yapewe parasetamoli na kitambaa cha maji baridi. Daktari akiona inafaa, ataandika prednisoloni ya siku chache, baada ya kuuliza kama mgonjwa ana ugonjwa wa kisukari.

Homa nayo inadanganya. Shambulio la jongo peke yake huweza kuleta homa, na mwaka 2020 wapo walioficha homa kwa kuogopa kutengwa. Kiungo kimoja chenye moto pamoja na homa kali, hasa goti, huweza kuwa na usaha, na usaha ndani ya kiungo hula gegedu kwa siku chache. Hapo kungoja karantini ipite ni kupoteza mguu.

Kuhusu chakula, watu hukatazana mengi kuliko ilivyothibitishwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2004, uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12, uliona nyama na vya baharini vikiongeza jongo. Maharage na mboga zenye purini havikuongeza. Sombe, yaani kisamvu, haina kesi. Vidagaa vikavu viliwavyo na matumbo yake vipunguzwe, pombe vilevile, bia ya Simba ikiwamo, na soda usiione kama mbadala salama kwani sukari yake huongeza asidi ya uriki.

Yanabaki magonjwa mawili ambayo migodi huyajua. Pirazinamidi ya kifua kikuu hupandisha asidi ya uriki. Kidole kikivimba, muuguzi aambiwe, lakini tiba ya kifua kikuu isikatwe. Na anayetumia ritonaviri kwa ajili ya virusi vya UKIMWI asipewe kolkisini kabla daktari hajaona orodha ya dawa zake zote, kwa kuwa ritonaviri huizuia kolkisini isitoke mwilini, na mwenye figo mbovu huweza kufa kwa dozi ya kawaida.